Mshono wa Kushoto

Siku ya kwanza alipomwona, yule mama alikuwa na pini sita mdomoni. Mpiga pasi alizihesabu kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha mafundi, mkono mmoja umeshika pasi ya mkaa, kwapani amebana blanketi la kupigia nguo pasi, na salamu imemkwama kooni kama kawaida yake. Jengo alilokuwa akifanyia kazi lilibomolewa wiki iliyotangulia, na mtu akamdokezea kwamba kwa mafundi cherehani wa mtaa wa nyuma pana kona tupu. Maneno ya kuomba hiyo kona alikuwa ameyapanga tangu nyumbani. Alipofika mlangoni yote yakamtoroka.

Mama mwenyewe alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, anamkunjia upindo wa sketi. Aliinua macho akamtazama mgeni, akaitazama pasi, akalitazama blanketi. Kwa kuwa pini hazikumruhusu kusema, akanyoosha kidevu kuelekea dirishani. Basi. Mgeni akaingia, akafuta vumbi la meza kwa kiganja, akatandika blanketi lake, na kona ile hakuihama kwa miaka kumi na mmoja.

Pale ndani jina lake halisi halikupata nafasi. Aliitwa Pasi. Yule mama naye aliitwa kwa kazi yake vilevile: Mama Futi, kwa kuwa futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata akienda dukani kununua chumvi. Wa tatu alikuwa Fundi Suruali, bwana mmoja mnene mwenye mdomo usiojua kupumzika, aliyeshona suruali na kusema za watu kwa mwendo mmoja.

"Huyu bwana wenu ni bubu au ana deni la maneno?" aliuliza siku ya tatu.

Mama Futi alitema pini kiganjani. "Mwache kaka yangu. Wewe unamsemea yeye na ukoo wake wote."

"Siku akiungua na hiyo pasi atatuandikia barua."

Walicheka wote, na Pasi naye akacheka, kichwa chini. Alikuwa mwanamume wa makamo, aliyeishia shule ya msingi, ambaye akisalimiwa na watu wawili kwa mpigo alishindwa aanze na nani. Nguo ndizo alizizoea. Nguo haikuulizi habari za nyumbani.

Mama Futi alikuwa hodari wa nguo za kike. Wanawake waliacha mafundi wa mtaani kwao wakamfuata yeye, na si kwa mkono wake tu. Alipompima mtu kifua na kiuno, hakutamka kipimo kwa sauti hata siku moja. Alikinong'ona mwenyewe, akakiandika kwenye daftari, akalifunga daftari. Fundi Suruali akichungulia, anapigwa rula mgongoni. Ndiyo maana mama na mpiga pasi walielewana. Kila mmoja alikuwa anajua miili ya watu, na kila mmoja amefunga mdomo.

Maana mpiga pasi huona mengi. Huona kola iliyochakaa upande mmoja, doa lililofuliwa mara tatu likakataa, mkono wa shati uliochanika mahali ambapo mtu ameshikwa kwa nguvu. Ananyoosha, anakunja, anarudisha. Wakati fulani Pasi alikuta barua ya mwanamke kwenye mfuko wa shati la mume wa mtu, akapiga shati pasi na barua akairudisha mfukoni. Mke wa yule bwana aliporudi kulalamika kwa nini hakuambiwa, Mama Futi ndiye aliyesimama.

"Dada yangu, ulileta shati, umepewa shati. Huyu kazi yake ni kunyoosha. Angekuwa anatangaza anayoyaona, wewe ungethubutu kumletea shuka zako?"

Yule mke akaondoka na shati lake. Mama Futi akamgeukia Pasi. "Nakupendea hilo, kaka. Hapa kwako mtu anaweza kuweka chochote kisifike barabarani." Pasi akavimba kichwa wiki nzima kwa maneno yale. Hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa kunyamaza.

Mume Mama Futi hakuwa naye. Alivyokuwa akieleza mwenyewe, "mume wangu alikwenda kutafuta kazi akapata mke." Alikuwa na binti mmoja, mwalimu katika shule ya bweni ya mbali, aliyekuja likizo na kurudi. Siku nyingine zote mama alikuwa peke yake katika vyumba vyake viwili.

Mwaka wa tisa, mwezi ambao wazazi hufuata sare za shule, Mama Futi alianza kumletea Pasi gauni lake la buluu. Alilileta Jumamosi mchana, akalichukua jioni. Pasi alishangaa kidogo. Kitambaa cha gauni lile kilikuwa cha ile aina isiyojikunja. Unaweza kukifinyanga kama donge, ukikiachia kinajinyoosha chenyewe. Tena mama alikuwa na pasi yake nyumbani. Pasi alidhani anataka kumwongezea kazi kwa huruma, akaona haya kuuliza.

Jumamosi ya tatu aliona mshono wa ubavuni, upande wa kushoto, chini ya kwapa. Ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, umeachiwa nusu inchi. Matundu ya uzi wa zamani yalibaki yamejipanga kando ya mshono mpya. Aligeuza upande wa kulia. Haukuguswa.

Baada ya Jumamosi nyingine nne mshono umeachiwa tena, mpaka mwisho wa kitambaa. Kisha ukaongezwa kipande chembamba, kimeshonwa kwa ufundi mkubwa, rangi ileile, asiyejua nguo asingekiona. Upande wa kulia, vilevile, kama ulivyotoka cherehani siku ya kwanza.

Pasi aliacha pasi juu ya kisahani chake akaliangalia gauni. Mtu akinenepa, hunenepa pande zote mbili. Hilo halihitaji shule. Akamtazama mama kwa wizi: ameinamia cherehani, kiwiko cha kushoto amekibandua kidogo na mwili, kama mtu aliyebeba yai kwapani. Pasi akaelewa, na alipoelewa damu ikampanda usoni. Mahali penyewe palikuwa pa aibu. Mwanamume ataanzaje? Amwambie nini, dada, naona ziwa lako? Na Fundi Suruali yuko palepale. Na yeye ndiye yule asiyetangaza anayoyaona. Akapitisha pasi juu ya kile kipande, kikalala vizuri.

Jioni mama akaja kulichukua. Hakuondoka mara moja. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Liko sawa, kaka?"

"Liko sawa, dada."

"Hamna kitu?"

"Hamna kitu."

Mama akaendelea kusimama pale kama anasubiri chenji. Kisha akaenda zake.

Ikawa hivyo Jumamosi kumi na sita. Pasi alizihesabu baadaye, kwa kuwa wakati ule hakujua kwamba kuna mtu anahesabu. Kila Jumamosi aliapa kwamba inayofuata atasema. Alipanga maneno usiku kucha yakapangika. Asubuhi yakamtoroka kama yalivyomtoroka mlangoni siku ya kwanza.

Jumamosi ya kumi na sita mama hakuja kulichukua gauni. Binti yake alikuwa amekuja likizo, akaingia chumbani mama anabadili nguo, akaona. Siku ileile wakaenda hospitali.

Huyo binti alipita kwa mafundi wiki ya pili kueleza. Alieleza amesimama, mkoba mkononi, kwa sauti ya darasani.

"Wamelitoa ziwa lote. Daktari anasema tungefika miezi minne nyuma, wangetoa uvimbe tu. Miezi minne. Nami nilikuwa huko nafundisha watoto wa watu." Akageuka. "Nyinyi mnashinda naye kutwa. Hamkuona kitu?"

Fundi Suruali alijishughulisha na uzi wa cherehani yake. Pasi aliinamia shati lililokuwa mezani. Alipoinua pasi, mgongoni mwa shati pamebaki alama ya kahawia, imechorwa pasi nzima na ncha yake. Katika miaka ishirini na mitatu ya kazi hakuwa ameunguza nguo ya mtu.

Gauni la buluu lilibaki kwenye msumari wake, nyuma ya mlango. Hakuna aliyelifuata.

Mama Futi alirudi kazini baada ya miezi saba, kilemba kichwani, mkono wa kushoto umevimba. Alijishonea mfuko mdogo wa pamba wa kuweka ndani ya nguo, mahali pa ziwa lililotolewa. "Sasa mkinipima mnipe nusu bei," aliwaambia, na Fundi Suruali akacheka mpaka akatoa machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Baada ya muda wanawake wengine wakaanza kuja kwa kunong'ona, kila mmoja akitaka mfuko kama ule. Mama aliwapima huku mlango umefungwa, wanaume wakiwa nje barabarani. Mwaka mzima ukapita. Nywele zikaota, zina mvi.

Ndipo wakaja wanawake wawili wa kamati. Kulikuwa na matembezi ya hisani ya saratani ya matiti, kilomita tano, kuchangia mashine ya hospitali. Walitaka mikanda ya kitambaa ya kuvaa kutoka begani hadi kiunoni: mia nne ya waridi kwa watembeaji wote, na arobaini myeupe kwa waliougua wakapona. Ile ya waridi iandikwe *Tunatembea Pamoja*. Ile myeupe, *Nimeshinda*.

Mama Futi aliikunja pindo ile myeupe yote arobaini kwa mkono wake, hakumwachia mtu. Pasi akainyoosha. Wa mwisho mama akamwambia, "Huo weka pembeni. Ni wangu." Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa zamani. Hata alimtania Fundi Suruali kwamba kwa tumbo lake mkanda wake utahitaji kitambaa cha watu watatu.

Siku nne kabla ya matembezi alikwenda kliniki kama kawaida. Aliporudi alikaa kwenye cherehani, akashona vifungo vya blauzi nzima. Alingoja mpaka Fundi Suruali alipotoka kutafuta uzi.

"Umerudi, kaka. Huu ugonjwa. Uko kwenye mapafu sasa. Wamesema hawana la kukata."

Pasi aliiweka pasi juu ya kisahani chake.

"Usimwambie mtu," mama akasema, kisha akatabasamu kwa upande mmoja. "Tazama namwambia nani."

"Na mkanda, dada?"

"Nitauvaa. Wamenihesabu kwenye ile arobaini. Nataka nitembee mpaka mwisho kwa miguu yangu, basi, halafu wafanye wanavyotaka."

Na Pasi, ambaye hakuwahi kusimama katikati ya watu zaidi ya kumi, alisema naye atakwenda. Alikuwa amekata shauri. Atamwambia njiani. Watu wakitembea bega kwa bega hawatazamani usoni, na mtu asiyetazamwa usoni anaweza kusema. Alitaka mama ajue kabla hajafa kwamba alikuwa ameona. Hakujua litamsaidia nini mama. Alijua tu kwamba haliwezi kuzikwa naye akabaki nalo peke yake.

Asubuhi ya matembezi barabara ilijaa rangi ya waridi. Mbele lilikuwa lori lenye vipaza sauti, nyuma yake bendi ya matarumbeta, na nyuma ya bendi Fundi Suruali akicheza kama mtu wa harusini, mkanda wake umemfika kifuani tu. Kutoka kwenye lori kijana wa matangazo alirudia neno moja bila kuchoka: "Ukiona dalili, wahi. Ukiwahi, unapona. Wahi, mama. Wahi, dada."

Pasi alitembea na Mama Futi pembeni, karibu na mtaro. Kilomita ya kwanza mama alitania watu. Ya pili alinyamaza. Ya tatu akaanza kuhesabu nguzo za umeme.

"Mpaka ile pale," alisema, akafika, akaishika, akavuta pumzi inayolia kama mlango mkavu. "Haya. Mpaka ile."

Watu wakawapita, wengine wakimpigia makofi kwa ajili ya ule mkanda mweupe. "Hongera, mama." Yeye akawapungia. Matarumbeta yakaenda mbali, na lile neno likaenda nayo: wahi, wahi, mpaka likawa halisikiki vizuri. Barabara ikabaki na wafagiaji wakiokota chupa za maji, na gari dogo la wagonjwa lililokuwa likiwafuata taratibu.

"Hii gari inanifuata mimi tu, au na wewe?" mama akauliza.

Dereva akatoa kichwa. "Mama, panda. Umejitahidi, inatosha."

"Nikipanda, mwanangu, huu mkanda utakuwa umesema uongo mara mbili."

Dereva hakuelewa. Pasi alielewa. Wakaketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa. Mama alifungua vidole vyake juu ya magoti, akavitazama. Pasi akaona kwamba ni sasa. Akatazama mbele, barabarani, kama alivyopanga.

"Dada," akasema. "Lile gauni la buluu."

Mama aligeuka. Aligeuka mwili mzima, na hiyo ndiyo iliyoharibu mambo, kwa kuwa sasa alikuwa anamtazama usoni. "Enhe?"

Pasi aliangalia viatu vyake. "Bado liko kwangu," akasema. "Nitakuletea."

Mama aliendelea kumtazama muda mrefu, kama siku zile za Jumamosi. Kisha akageukia barabara.

"Sawa, kaka. Niinue."

Walifika uwanjani saa sita na nusu. Hotuba zilikuwa zimekwisha. Vijana walikuwa wanabeba viti juu ya vichwa, na hema la kupimia wanawake lilikuwa limeshushwa, limelala majanini. Mwanamke mmoja wa kamati aliuona mkanda mweupe, akaja mbio, akamkumbatia mama, naye mama akauma meno kwa maumivu. "Jamani, shujaa wetu. Picha, picha. Tabasamu, mama." Akatabasamu. Katika picha ile, ambayo baadaye Fundi Suruali aliibandika ukutani juu ya cherehani yake, neno lote la mkanda linasomeka vizuri. Pasi anaonekana bega tu.

Mama hakushuka tena kitandani baada ya siku ile. Binti aliomba ruhusa shuleni, akaja kumuuguza. Pasi alipita mara mbili, akaishia mlangoni, akauliza hali, akarudi. Jumamosi ya tatu alilishusha gauni kwenye msumari. Lilikuwa limening'inia mwaka na zaidi na halina hata kikunjo kimoja. Kwa mazoea tu akapitisha pasi mara moja, akalikunja, akaenda.

Ilikuwa alasiri. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, na cherehani ya zamani iliyofunikwa kwa khanga. Mama alikuwa ameegemezwa mito mitatu. Futi ilikuwa imening'inizwa kwenye mbao za kitanda, karibu na mkono wake. Binti alimwachia Pasi kiti, akaenda jikoni, ikasikika sufuria.

Pasi aliliweka gauni juu ya shuka, akaligeuza mpaka ubavu wa kushoto ukawa juu. Akausemesha mshono, si mtu.

"Niliona, dada. Mara ya kwanza uliachia nusu inchi. Mara ya pili ukaachia mpaka mwisho. Kisha ukaongeza kipande. Yote niliyaona. Kila Jumamosi. Nilijua ni nini, nikanyamaza. Nilisema hamna kitu." Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile kwa mpigo. Akakausha uso kwa mkono wa shati. "Nilijiona naheshimu."

Mama alinyoosha mkono. Vidole vyake vilitambaa juu ya kitambaa, vikaupata ule mshono, vikaufuata kutoka kwapani hadi kiunoni, tundu kwa tundu, kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi. Vikatulia hapo, Pasi akadhani amelala, akaanza kuinuka.

Jumatatu yake alfajiri alifariki, na kati ya alasiri ile na alfajiri hiyo hakuzungumza na mtu ila kuomba maji. Kwa hiyo aliyoyasema pale ndiyo ya mwisho aliyomwambia Pasi. Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama alivyokuwa akitaja vipimo vya watu, polepole, kwa sauti ya chini, ili aliye chumba cha pili asisikie.

"Kitambaa hiki hakijikunji, kaka. Nilikuletea gauni ulione. Nilijiambia, siku Pasi akisema kitu, siku hiyo ninakwenda hospitali."